Ruaha Mdogo au Kiwira: wapi uende na baiskeli kama hutaki kabisa kuona gari

Kila kiangazi kikianza swali ni lilelile. Mtu ana baiskeli yake ya gia, iwe ile ya changarawe yenye usukani uliokunjwa na matairi manene kidogo, iwe mtumba wa Kijapani wa mlimani, ana siku zake mbili tatu, anataka Nyanda za Juu Kusini, anataka vumbi, mto na vilima, na hataki kabisa kusikia honi ya semi mgongoni kwake. Sasa aishie Iringa azunguke bonde la Ruaha Mdogo, au apitilize mpaka Rungwe akaone mto Kiwira? Wengi watakwambia kote kuzuri, jibu ambalo halimsaidii mtu anayetaka kukata tiketi. Kote kuzuri ndiyo, sema hazifanani hata kidogo, yaani anayefurahia moja anaweza kuichukia nyingine, na mimi nina upande wangu ntausema.

Tuanze na lami maana ndiyo tunayoikimbia. Iringa imekaa kwenye TANZAM, ile barabara kuu ya kwenda Zambia, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na pale Ipogolo chini ya mji, huo msururu unaokata kwenda Mbeya sio sehemu ya kujaribu bahati na baiskeli. Rungwe nayo ina ile ya Uyole kwenda Kasumulu mpakani na Malawi, nyembamba, kona kwa kona, ukungu wa ghafla, na madereva wa Coaster wanaoamini kona ni ya kwao peke yao. Kwa hiyo usiulize kwanza wapi kuna mandhari, uliza mto umekaaje ukilinganisha na lami. Ukishajua hilo nusu ya uamuzi umeshafanya.

Ruaha Mdogo unatoka juu huko milima ya Mufindi, unapita Ipogolo, unaelekea Kalenga, halafu unapinda kaskazini kwenda kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Kati ya Ipogolo na Kalenga mto umebanwa na barabara mbili, TANZAM upande mmoja na ile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha upande mwingine. Ukiangalia ramani haraka unaweza kusema hapa hapafai, pamezungukwa. Kumbe hiyo ndiyo raha yake, magari yote yanakusanywa kwenye hizo mbili na katikati panabaki njia za vijiji, njia za miguu, tuta za mifereji, watu wanaenda kwenye vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni, na majembe begani, bodaboda moja moja, pawatila, na msimu wa nyanya utakutana na kirikuu imejaa matenga mpaka inalala upande. Basi. Unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukirudi kwa njia nyingine bila kukanyaga lami isipokuwa pale unapotoka mjini na unaporudi.

Kiwira ni habari nyingine. Mito ya Rungwe inashuka kutoka kwenye mlima wenyewe (mita 2,960 na ushee, si kilima kile) na kutoka safu za pembeni, na imekata ardhi kwenda chini sana kwa sababu mvua ni nyingi na udongo ni wa volkano. Vijiji na barabara vimekaa juu ya migongo, mito iko chini kwenye makorongo. Ukienda na mgongo, yaani ukifuata barabara inayoshuka sambamba na mto, ni raha tupu, migomba kushoto, chai kulia, kahawa, parachichi, mteremko laini, gari hamna. Ukitaka kukata kwenda mgongo wa pili ndio utajua hujui. Unashuka mpaka kijito, unavuka daraja la mbao, unapanda mwinuko uleule upande wa pili, ukifika juu unaona kijiji ulichotoka pale ng'ambo karibu kabisa, unaweza hata kumtambua mtu aliyekaa barazani. Kwenye ramani ni kilomita chache, miguuni ni mchana mzima. Na anayechoka kukata migongo anafanya nini? Anarudi kwenye lami kuunganisha. Ndio maana nasema kama shida yako kubwa ni magari, Rungwe itakurudisha kwa magari mapema kuliko Iringa, japo ukiwa ndani kabisa ni kimya kuliko Iringa.

Miinuko yenyewe tuiseme wazi. Mji wa Iringa uko kama mita 1,600, Tukuyu, mji wa Rungwe, nayo iko juu ya 1,500 hivi, kwa hiyo anayetoka Dar atahema kidogo siku ya kwanza kote kuwili. Tofauti ni kinachofuata. Ukishashuka Iringa mjini mpaka bondeni, sakafu ya bonde ni pana, inapanda na kushuka kidogo kidogo, vilima vya mawe viko pembeni unaviangalia tu au unavipanda ukitaka. Kiwira unamwaga maji yake Ziwa Nyasa, na ziwa lile halifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Yaani kati ya Tukuyu na ziwa kuna mporomoko wa zaidi ya mita 1,000 kwenye umbali mfupi tu. Kushuka kunafurahisha, hakuna anayebisha, vidole vinauma kwa breki, joto linapanda kila kijiji, unaanza na sweta unamaliza unatafuta kivuli cha mwembe. Kurudi sasa! Wengi wanaobahatika wanapakia baiskeli juu ya gari Kyela na kurudi wamekaa, na hapo ndipo unaelewana na konda kabla, maana bei ya baiskeli ni ya mdomo tu na inapanda akikuona umechoka.

Msimu ndio unaokata maneno mengi. Iringa bondeni ni kukavu, mvua zinaanza karibu na Desemba zinaisha Aprili, kuanzia Juni mpaka Oktoba hakuna tone la maana, kuna upepo na vumbi. Upepo wa Iringa wa Agosti si wa mchezo, mchana unaweza kupiga pedeli kwenye mteremko ukaona kama unapanda, kwa hiyo watu wanatoka saa kumi na mbili asubuhi wakiwa wamevaa koti na glavu, wanarudi kabla ya saa tano. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na Aprili na Mei usiende na baiskeli hata kwa dawa. Hata Juni na Julai kuna manyunyu na ukungu wa baridi. Dirisha zuri ni Agosti mpaka Oktoba, hapo barabara zimekauka na bado kijani kipo, kwa sababu Rungwe haijui kuwa kahawia.

Sasa tope. Tope la Rungwe linastahili aya yake. Likilowa kidogo linateleza kama sabuni, likilowa zaidi linashika, linajaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu haligeuki, unasukuma kitu kisichozunguka. Kuna siku mwenzetu alikwama hivyo kwenye mwinuko, anakwangua kwa vidole, mama mmoja anashuka na mkungu wa ndizi kichwani akasimama bila hata kuutua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vidole vitaisha hivyo. Kata kipande cha mwanzi pale, ukwangue nacho."

Na kweli, mwanzi uliopasuliwa una ukingo mkali na mwembamba, unaingia pale ambapo fimbo haiingii, na haukwaruzi rimu. Tangu hapo ukipita Rungwe kwenye unyevu unaweka kipande kwenye mfuko wa jezi. Madigadi ya plastiki yale ya kubana sana uyaache nyumbani, yanakusanya tope tu, na matairi usiweke mapana mpaka yaguse, acha nafasi ya kidole kila upande.

Iringa shida sio tope, shida ni miiba. Migunga imejaa na miiba yake mikavu iko njiani, mirefu, inaingia tairi mpaka ndani. Kama baiskeli yako inakubali matairi yasiyo na tyubu, yenye ile dawa ya majimaji ndani inayoziba tundu yenyewe, Iringa ndipo utaona faida yake. Kama una tyubu, beba za akiba na viraka vya kutosha. Tope lipo pia ila la kuchekesha, unakuta katikati ya kiangazi, jua kali, vumbi kila mahali, halafu njia mbele imegeuka ziwa kwa sababu mtu kafungulia mfereji. Mzee mmoja upande wa Kalenga alituona tumesimama tunashangaa, akaegemea jembe.

"Kamwene."

"Kamwene mzee. Njia imeenda wapi?"

"Njia ipo, ni zamu yangu ya maji tu. Piteni juu ya tuta, ila shukeni kwenye hizo baiskeli, mtaniulia vitunguu."

Tukashuka. Na hiyo ndiyo sheria ya bonde lile, tuta ni la mwenye shamba na wewe ni mpita njia, mwenye jembe, mwenye ng'ombe na mama mwenye ndoo wote wanapita kabla yako. Tukianza kupita kama tunashindana hatutakaribishwa tena, na itakuwa haki yao.

Vituo vya njiani. Iringa kuna Kalenga yenyewe, kama kilomita 15 kutoka mjini, ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoiteka mwaka 1894, na kuna jumba dogo la makumbusho lenye fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Unaegemeza baiskeli kwenye mti, unalipa kiingilio, unasimuliwa, unajaza maji, unaendelea. Juu kidogo kuna Tosamaganga na misheni yake ya zamani ya Kikatoliki, mwinuko wa kuipanda ndio mtihani wa siku ukitaka kujipima. Mtego uko Isimila. Kila mtu anataka kwenda kuona zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale, na ni sawa kabisa, ila iko kama kilomita 20 upande wa Mbeya na njia ya kawaida ya kuifikia ni TANZAM yenyewe. Usiiweke kwenye mzunguko wa baiskeli kama una watoto au wageni wa barabara, ipangie siku yake na upande gari.

Kiwira ina Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa lava uliotandazwa na volkano zamani halafu maji yakautoboa chini yakaacha juu, watu walikuwa wanapita juu yake kama daraja lolote. Ukifika mvua zikiwa zimeisha karibuni maji bado mengi na kelele yake unaisikia kabla hujafika. Mto uleule kuna Kijungu, pale maji yanapozama kwenye tundu la mwamba kama yanaingia chunguni, ila kipo eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo unajitambulisha getini, unasema unaenda wapi, na simu inakaa mfukoni mpaka ukiambiwa piga. Nimeona watu wanaanza kujirekodi pale getini, jamani. Mtego wa Rungwe ni Ziwa Ngosi. Lile ni ziwa la kreta ndani ya msitu, njia ni ya kupanda kwa miguu, mizizi na utelezi, baiskeli itakuwa mzigo. Iache lodge, panda kwa miguu, au usipande.

Baiskeli gani? Ukiwa na ya changarawe, kwa Iringa tairi za milimita 40 zinatosha, 45 ni starehe, na gia za kawaida za aina hiyo hazitakuaibisha. Rungwe mimi nasema gia ndogo mbele iwe na meno machache kuliko kubwa ya nyuma, mfano 30 mbele na 34 nyuma, na kama ya nyuma inafika 40 usione aibu, na breki ziwe za diski. Breki za kubana rimu kwenye mteremko mrefu wenye mchanga mchanga na maji zinakula rimu na pedi siku hiyohiyo. Ya mlimani yenye shoki mbele inafaa kote, Rungwe inafaa zaidi, sema kwenye zile njia laini za Iringa utajiona unabeba chuma bure. Na Phoenix? Wenyeji wanabeba magunia na mikungu nayo kila siku, chini wanapanda, juu wanasukuma, hawana mashindano na mtu. Tusijifanye tumegundua njia zile.

Kitu ambacho watu hawakifikirii mpaka wako porini ni vali. Mafundi wa baiskeli wapo kila gulio, kote kuwili, wana viraka, wana gundi, na tyubu za baiskeli kubwa za kawaida za inchi 28 zipo mpaka dukani kwenye sukari na chumvi, na hiyo ya 28 ikibidi inaingia kwenye rimu ya baiskeli ya changarawe. Ila pampu ya fundi ni ya vali nene. Yako ikiwa ile nyembamba ya kufunguliwa nati juu, fundi ataiangalia, ataigeuza, atakuuliza imetoka wapi. Kuna kiunganishi kidogo cha shaba, unakizungusha juu ya vali nyembamba na pampu ya vali nene inashika, kinakaa kwenye mfuko wa saa. Na tundu la rimu ya vali nyembamba ni dogo, vali nene haipiti, kwa hiyo ile tyubu ya dukani haitakusaidia kama tundu halijapanuliwa mapema. Hilo lifanye nyumbani kwa fundi mwenye drili, sio njiani.

Chakula Rungwe inashinda, wala sibishani na mtu. Ndizi za kuchoma, ndizi na maharage, parachichi unachagua kwa kuliminya, maziwa, chai ya moto kila kibanda, mahindi ya kuchoma. Iringa bondeni unapata ugali na mboga na samaki mkavu kwa mama ntilie, na asubuhi chai na maandazi, inatosha, ila kati ya kijiji na kijiji panaweza kuwa patupu kwa muda mrefu na jua linachoma, beba maji lita tatu. Ulanzi, ile pombe ya mwanzi, ni wa masika, kiangazi ukiambiwa upo uliza umekaa tangu lini.

Kuna wanaoniuliza na Mufindi je. Mufindi ni jibu zuri kwa mtu mmoja tu, anayetaka barabara ya moramu iliyochongwa vizuri. Mashamba ya chai yana barabara nzuri za ndani kwa sababu majani mabichi lazima yafike kiwandani haraka, zinazunguka vilima bila kukata ghafla, baridi, kijani mpaka macho yanachoka. Lakini ni mali ya mashamba, unaomba ruhusa getini, na kuna matrekta na malori ya majani. Ukivuka kuingia msitu wa Sao Hill kuna malori ya magogo, na hayo kwenye kona ya vumbi huyaoni mpaka yako. Siku ya Jumapili kunatulia sana. Siku za kazi mimi siiweki kwenye orodha ya bila magari.

Kwa hiyo mimi? Kama ni mara ya kwanza, kama mko kundi lenye uwezo tofauti, kama kuna mtoto wa miaka kumi na mbili na baiskeli yake ndogo, nenda Iringa, lala mjini, shuka bondeni alfajiri, zunguka Kalenga, rudi kabla upepo haujaamka. Kupanda kurudi mjini kutoka bondeni ndio mateso pekee na hata hapo bodaboda wa Ipogolo atakubebea mtoto na baiskeli yake. Kama una miguu, una breki, una siku tatu kamili na uko tayari kusukuma bila kulalamika, na ni Septemba, basi Rungwe, na uchague mgongo mmoja ushuke nao badala ya kutaka kuona kila kitu. Anayesema ataunganisha vyote wikendi moja ajue kati ya Iringa na Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za lami, na Tukuyu bado kilomita kama 70 mbele, hizo zote ni za basi.

Basi lenyewe, ondoa gurudumu la mbele, geuza usukani, toa pedeli, zungushia boksi au blanketi kwenye gia ya nyuma maana ndiyo inayopinda mizigo ikilaliana kwenye buti, na uandike jina lako juu. Fika stendi mapema kabla magunia hayajaingia, ongea na mpakia mizigo sio na dereva, na ukishaona imelazwa upande usio na gia chini ndio ukatafute siti yako.